Uzi: Manowari mpya za kubeba ndege, na zile zilizolala gudini. Pesa hizi zina maana?

#1 Kijana wa Tudor
Wadau, hamjambo. Kuna jambo limenikaa kooni. Marekani inazidi kuunda manowari za kubeba ndege za aina ya Ford, na ile ya kwanza peke yake imekula kama dola bilioni 13. China imeiingiza Fujian kazini Novemba 2025. Ufaransa ilishatangaza tangu Desemba 2020 kwamba inataka mpya ya nyuklia iirithi manowari yake Charles de Gaulle. India iliizindua Vikrant mwaka 2022. Huku kwenye Bahari ya Shamu tumewaona Wahouthi wakirusha droni za bei ya chini, na meli za mabilioni zikihangaika kuzitungua kwa makombora ya mamilioni ya dola.

Nasema hivi: zama za hizi meli zimepita, na wanaoziunda wanalipia fahari. Mwenye hoja tofauti ailete.

#2 Mzee wa Kibokoni
Pole pole, mwanangu. Fahari ipo, lakini hakuna serikali inayotoa bilioni 13 kwa fahari tupu. Mwenye uwanja wa ndege unaotembea baharini hamwombi mtu ruhusa ya kutua. Nyinyi vijana hamkumbuki mwaka 1976. Baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, Idi Amin alitukalia vibaya sisi Wakenya, na Marekani ikaileta USS Ranger karibu na pwani yetu hii. Haikufyatua hata risasi moja. Amin aliielewa.

#3 Binti Likoni
Shikamoo mzee. Swali langu ni dogo tu. Tunaambiwa Marekani inazo 11. Je, zote 11 ziko baharini? Maana sisi wa Likoni tunajua hesabu ya feri. Kwenye karatasi ziko nyingi. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi unakuta mbili ndizo zinazovusha, moja iko gudini, moja inasubiri kipuri, na watu wamejaa hadi kule juu barabarani, mama wajawazito na wanafunzi wote wamesimama.

#4 Fundi wa Gudi
Binti Likoni umegonga penyewe. Watu wa manowari wana hesabu yao ya miaka mingi: ukitaka moja iwe kazini siku zote, uwe nazo tatu. Moja iko safarini, ya pili inafanya mazoezi, ya tatu iko kwa mafundi. Sheria ya Marekani inataka zisipungue 11, lakini zinazokuwa safarini kwa wakati mmoja kwa kawaida ni chache tu.

Wacha niwaeleze kazi ilivyo, maana nimeifanya hapa hapa Mombasa kwa meli za mizigo na za uvuvi. Meli inaingizwa gudini maji yakiwa yamejaa, mlango unafungwa, pampu zinavuta maji mpaka meli inakalia magogo. Hapo ndipo unaiona ilivyo. Chini kumeganda magamba na mwani, mnakwangua, mnapiga maji ya presha. Halafu unapita chini ya tumbo lake na nyundo ndogo, unagonga bati moja moja. Bati zima linalia. Lililoliwa linatoa mlio mfu, unaweka alama ya chaki na kusonga mbele. Vipande vya zinki vilivyofungwa karibu na pangaboi, ambavyo kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya chuma cha meli, unavikuta vimekwisha. Na ukishafungua shafti ndipo mwenye meli anaposhika kichwa, kwa sababu mlikuja kutengeneza kitu kimoja na mmekuta vitano.

Sasa ichukue kazi hiyo uipeleke kwenye meli ya tani 100,000 yenye urefu wa zaidi ya mita 330, na ndani mna matanuri ya nyuklia. Katikati ya umri wake wa miaka 50 lazima ipasuliwe ibadilishwe mafuta. USS George Washington iliingia kwa mafundi mwaka 2017 kwa kazi ya miaka minne. Ilitoka Mei 2023.

#5 Bahari Hindi
Na hata mpya zinaugua. Agosti 2022 HMS Prince of Wales ya Uingereza ilitoka Portsmouth kwenda Marekani, ikafika karibu na kisiwa cha Wight, ikakwama. Kiungo cha shafti ya kulia kimevunjika. Februari 2024 dada yake, HMS Queen Elizabeth, ikatolewa kwenye luteka kubwa ya NATO dakika za mwisho kwa tatizo la kiungo cha shafti hivyo hivyo, Prince of Wales ikatumwa badala yake. Meli mbili za nyuklia, zaidi ya pauni bilioni 6, na haziwezi kuzungusha pangaboi!

#6 Fundi wa Gudi
@Bahari Hindi #5, hizo si za nyuklia. Zina mitambo ya gesi na ya dizeli inayozalisha umeme, na umeme ndio unaozungusha shafti. Walio na manowari za ndege za nyuklia zinazofanya kazi ni Marekani na Ufaransa peke yao. Mengine uliyosema ni sawa. Kiungo cha shafti si kitu cha kudharau: vipande viwili vya chuma vizito vimefungwa pamoja, vikipishana unene wa unywele basi vinatetemeka hadi vinakatika.

#7 Kijana wa Tudor
Mnanisaidia tu. Ford iliingizwa rasmi jeshini Julai 2017. Lifti zake za kupandishia mabomu, zote 11, hazikukamilika hadi mwisho wa 2021. Safari yake kamili ya kwanza ilianza Mei 2023. Karibu miaka sita meli iko mikononi mwa jeshi na bado haijaenda kazi iliyoundiwa. Mfanyabiashara gani wa hapa Mwembe Tayari angekubali?

#8 Mwalimu Mvita
Assalaam alaikum jamaa. Nataka kurudisha mjadala nyumbani, maana mada hii Mombasa si ya kusoma kwenye gazeti tu. Aprili 1942 Wajapani waliingia Bahari Hindi na manowari zao za ndege, wakapiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9. Siku hiyo ya 9 ndege zao zikaizamisha HMS Hermes, manowari ya ndege ya Waingereza, karibu na pwani ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ilikuwa haina ndege hata moja juu yake. Waingereza wakaona Ceylon hapakaliki. Kundi lao la mashariki likahamia hapa Kilindini, pamoja na meli kubwa za zamani za mizinga ambazo mwendo wake ulikuwa mdogo mno kwa vita vya ndege.

Hata wale wataalamu waliokuwa wakivunja siri za redio za Wajapani waliletwa Mombasa, wakafanyia kazi shule ya Allidina Visram. Kundi hilo lilirudi Ceylon baadaye, mambo yalipotulia.

Kwa hiyo @Kijana wa Tudor, ukiuliza kama zina maana, jiulize kwanza kwa nini bahari yote kutoka Ceylon hadi hapa ilihamwa ndani ya wiki moja.

#9 Binti Likoni
Allidina? Kaka yangu amesoma pale miaka minne na hajui! Leo akija nyumbani ndiye nitakayemfundisha historia ya shule yake.

#10 Chuma cha Changamwe
Nyote mnazungumza vita. Mimi naona kiwanda. Marekani nzima kuna karakana moja tu inayojua kuunda manowari za ndege za nyuklia, Newport News kule Virginia. Ukisimamisha kazi miaka kumi, mchomeleaji anastaafu, mchoraji anakwenda kuchora maghorofa, na ukitaka kuanza tena hakuna anayejua. Kwa hiyo wanaunda moja baada ya nyingine hata kama jeshi lenyewe lina mashaka: John F. Kennedy, kisha Enterprise, kisha Doris Miller.

Muangalieni Mhindi. Vikrant ilipoanza, chuma cha kuundia meli ya vita kilikuwa kinategemewa kutoka Urusi. Kilipokwama, wakatengeneza chao wenyewe, na sasa wanakitumia kwa meli nyingine. Zile takriban rupia bilioni 200 walizotumia si za meli tu. Walinunua ujuzi. Hicho ndicho sisi tunakikosa. KNS Jasiri, meli ya doria ya jeshi letu la majini, mkataba ulisainiwa 2003, ikaundwa Uhispania, ikaingia kwenye mzozo wa mkataba, na haikufika Mombasa hadi 2012. Kama ingeundwa hapa Mtongwe kwenye kambi ya wanamaji, hata ikichelewa, wachomeleaji wangebaki na ujuzi hapa.

#11 Muuza Vinyago
Mimi sina elimu ya manowari ila nilizila hela zake. Baada ya makubaliano ya 1980 Wamarekani walikuwa wakija sana bandarini kwetu. Ikisikika meli ya ndege inakuja, mji unajua kabla ya redio. Mabaharia maelfu wanashuka kwa makundi, wamevaa nyeupe, mishahara ya miezi mfukoni. Baba yangu alikuwa na meza ya vinyago upande wa Moi Avenue. Anaweka ndovu na vifaru mbele, wanakwenda hao kwanza. Mmarekani hajui kupatana bei, anauliza mara moja na kutoa. Teksi bei mara tatu, hoteli zimejaa, na wazee wa mtaa wanawafungia mabinti ndani. Mema na mabaya yalikuja pamoja, siwezi kusema yalikuwa baraka tupu. Kuna nyumba mpaka leo zinalia kwa yaliyotokea miaka ile.

#12 Mzee wa Kibokoni
Kweli kabisa. Na hapo mnaona kazi nyingine ya hizo meli: kuonekana. Mtoto aliyeiona ikitia nanga hakusahau ni nani mwenye bahari.

#13 Ali wa Bamburi
Kwani lazima mpya? Nimesoma China ilinunua ganda la Varyag Ukraine mwaka 1998 kwa dola milioni 20, kwa jina la kuifanya kasino, na leo ndiyo Liaoning. India nayo iliichukua ile Hermes ya Mwalimu, iliyopigwa 1942, wakaifufua wakaiita Viraat. Kenya nasi tungetafuta iliyotumika, tukaikarabati taratibu.

#14 Mwalimu Mvita
@Ali wa Bamburi, hizo ni Hermes mbili tofauti. Ya 1942 bado iko chini ya bahari. Iliyokuwa Viraat ilizinduliwa 1953, ikapigana Falkland 1982, India ikaistaafisha 2017, na ikaishia kukatwa vyuma vikuukuu Alang, India.

#15 Bahari Hindi
Na habari ya iliyotumika, ami, usiitamani. India ilikubaliana na Urusi mwaka 2004 kuichukua Admiral Gorshkov kwa dola milioni 974. Ilipokabidhiwa 2013 kwa jina la Vikramaditya, bei ilikuwa imefika dola bilioni 2.35. Brazil ilinunua Foch ya Wafaransa mwaka 2000, wakaiita São Paulo. Ilipochakaa hawakupata pa kuitupa: ilikuwa na asbestosi, Uturuki ikaikataa, ikakokotwa kurudi Atlantiki, na Februari 2023 wakaizamisha wenyewe baharini. Thailand waliagiza yao mpya kabisa, Chakri Naruebet, ikafika 1997. Ndege zake zilistaafishwa 2006. Sasa ni meli ya ndege isiyo na ndege za vita, inabaki na helikopta.

#16 Baharia wa Shimanzi
Hakuna aliyetaja watu. Mimi ni baharia wa meli za biashara na nawaambia, meli ni mabaharia wake. Ford inahitaji kama watu 4,500 ukihesabu na wa ndege. Wakifika bandarini wanataka kuwaona watoto wao. Ukiwaongezea miezi juu ya miezi, wakirudi wanaacha kazi. Waingereza wana manowari mbili za ndege, lakini meli yao ya kuzipelekea chakula na vipuri, Fort Victoria, imelala kwa kukosa mabaharia. Manowari ya ndege bila meli ya shehena haifiki mbali. Kila nikisikia serikali inaunda meli mpya nauliza: wa kuipanda ni nani, na atalipwa nini? Mshahara wa baharia hauzinduliwi na waziri kwa kukata utepe, ndiyo maana unasahaulika.

#17 Kijana wa Tudor
Bandiko bora la uzi huu. Ahsante Baharia. Lakini hamjagusa makombora. China ina DF-21D na DF-26, yote yametajwa kwamba ni ya kuzifuata meli kubwa baharini, na DF-26 inakwenda maelfu ya kilomita. Ndege za kwenye meli haziendi mbali hivyo bila kujazwa mafuta hewani. Basi meli itabaki nje ya masafa na ndege zake hazitafika. Sasa ya nini?

#18 Mzee wa Kibokoni
Kulenga kwenye karatasi ni rahisi. Meli hiyo inakwenda zaidi ya maili 30 kwa saa. Ulipoiona si itakapokuwa kombora likifika. Marekani haijazamishiwa manowari ya ndege vitani tangu Februari 1945, ilipopigwa ile iliyoitwa Bismarck Sea. Na mwaka 2005 waliichukua USS America iliyostaafu wakaipiga kwa makusudi wapate kujifunza. Ilivumilia milipuko ya wiki kama nne, mwisho wakaizamisha wao wenyewe. Na hao Wahouthi wako, pamoja na yote, hawakuipiga hata moja.

#19 Kijana wa Tudor
Hawakuipiga, lakini hesabu hasara. USS Harry S. Truman ilipoteza ndege tatu za F/A-18 katika safari hiyo moja. Ya kwanza ilitunguliwa na meli yao wenyewe, Gettysburg, Desemba 2024. Ya pili ilidondoka baharini ikikokotwa, Aprili 2025. Ya tatu ilishindwa kunaswa ikitua, Mei. Na Februari kabla ya hapo ilikuwa imegongana na meli ya mizigo karibu na Port Said. Mabaharia waliochoka hufanya makosa. Adui si lazima akupige, anakuchosha tu.

#20 Fundi wa Gudi
Mnataka kuona meli iliyochoka? Admiral Kuznetsov ya Urusi. Ilikwenda Syria 2016 ikifuka moshi mweusi, ikapoteza ndege mbili. Ikaingizwa matengenezo. Oktoba 2018 gudi lenyewe linaloelea, PD-50, likazama meli ikiwa ndani, winchi kubwa ikaangukia sitaha. Desemba 2019 ikashika moto, watu wakafa. Mimi nilipoona habari ya gudi kuzama sikulala vizuri. Gudi likizama, kuna wenzangu chini ya tumbo la meli. Mwenye kupanga bajeti ya manowari na asiweke ya gudi, kamba, pampu na stima ya dharura, anahatarisha roho za watu ambao majina yao hayatasomwa popote.

#21 Mvuvi wa Gazi
Naheshimu elimu yenu ila mimi niko majini kila bamvua na maji mafu. Sisi hatuna haja ya meli ya ndege. Usiku tunaziona taa za meli kubwa za kigeni kule nje, zinakokota nyavu, asubuhi tunatoa jarife letu na changu wawili watatu. Kenya ina haki hadi maili 200, nani anazilinda? Serikali ilianzisha walinzi wa pwani mwaka 2018, jambo jema, lakini bahari ni pana na boti za doria ni chache. Mimi nataka boti kumi ndogo zenye mafuta kila siku kuliko moja kubwa ya kupigia picha.

#22 Chuma cha Changamwe
Mvuvi, nakuunga mkono nusu. Boti ndogo haziwezi kukaa nje wakati wa kusi. Jasiri ina mita 85, inaweza. Unahitaji zote mbili. Na usisahau 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya mizigo Faina ikija hapa hapa Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Iliwachukua hadi Februari 2009 kuiachilia. Manowari za mataifa makubwa zilikuwa zimeizunguka na hazikuweza kufanya kitu kwa kuhofia mateka.

#23 Mvuvi wa Gazi
Hapo umesema mwenyewe! Manowari za kila taifa, na waliozishinda wana boti za fibagilasi.

#24 Mzee wa Kibokoni
Hawakuzishinda, walilipwa. Na uharamia ulipungua kwa sababu doria hizo hazikuondoka. Kwanza niulizeni kuhusu Kismayu. Septemba 2012 vijana wetu walishushwa ufukweni kutoka baharini, na waliowafikisha ni wanamaji wa Mtongwe. Bila meli hilo halifanyiki.

#25 Binti Likoni
Fundi samahani nitoke nje ya mada. Mdogo wangu wa kike amemaliza kozi ya uchomeleaji. Anaambiwa gudini si pahali pa wasichana. Ni kweli?

#26 Fundi wa Gudi
Si kweli. Aje na cheti chake, viatu vya chuma na moyo. Ataanza kwa kukwangua kutu wiki nyingi kabla hajapewa bati la kuchomelea, na hilo ni kwa wote, mimi nilianza hivyo. Mwambie ajifunze kuchomelea akiwa amelala chali, juu ya kichwa, maana tumbo la meli liko juu yako. Niandikie kwa faragha nitamwelekeza kwa msimamizi.

#27 Bahari Hindi
Turudi kwa China kabla uzi haujafungwa. Sasa inazo tatu: Liaoning, Shandong, Fujian. Kwa hesabu ya Fundi #4 ingekuwa na moja tu safarini. Lakini Juni 2025, kabla hata Fujian haijaingia kazini, Japani iliziona Liaoning na Shandong zote mbili Pasifiki kwa wakati mmoja. Hesabu yako imevunjika, Fundi.

#28 Fundi wa Gudi
Haijavunjika. Kuzitoa mbili kwa mwezi mmoja kila mtu anaweza. Nitafutie zilipokuwa Desemba.

#29 Kijana wa Tudor
Na Fujian yenyewe ina mitambo mitatu ya sumakuumeme ya kurushia ndege, Ford inayo minne, ile ile iliyoisumbua Marekani miaka. Mchina amesema yake ni safi tangu siku ya kwanza. Kuna mtu hapa anayeamini?

#30 Chuma cha Changamwe
Mimi naamini. Kesho jioni nikitoka kazini nitaeleza kwa nini, stima inakaribia kukatwa huku.